Mkono wa Somo

Kuna uvuvi ambao sisi watu wa pwani, pamoja na kujigamba kwetu kuwa tumezaliwa na chumvi midomoni, hatukuurithi kwa wazee wetu. Mvuvi wetu hutia chambo katika ndoana, akafunga risasi juu yake, akateremsha mshipi hadi uzito ule umwambie kuwa umeufikia mwamba. Katika uvuvi tunaotaka kuusimulia leo chambo hakina uzito wowote. Ni nyuzi, unyoya kidogo na kipande cha kizibo kilichochongwa mfano wa mdudu, chepesi hata ukikitupa kwa mkono kinakuangukia miguuni. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene kuliko mishipi tuijuayo, umevikwa plastiki na huelea juu ya maji. Chambo hufuata nyuma tu, kama mtoto aliyeshika buibui la mama yake sokoni.

Msomaji wetu huenda akauliza mwanamke wa Kiislamu, tena wa makamo, ana shughuli gani na uvuvi wa namna hiyo. Ni haki yake kuuliza. Nasi tumjibu kuwa kitabu cha Kiingereza cha zamani kuhusu uvuvi wa ndoana, kilichopigwa chapa mwaka 1496, kwa karne nyingi kimenasibishwa na mwanamke, Juliana Berners, ingawa wataalamu hawajaacha kubishana juu ya jambo hilo. Na jimbo la Maine huko Marekani lilipoanza kuwaandikisha rasmi waongozaji wa wawindaji na wavuvi mwaka 1897, wa kwanza kupewa cheti alikuwa mwanamke, Cornelia Crosby. Na kwetu pia, nani asiyejua kuwa wako wanawake wa pwani waingiao maji ya magotini na kipande cha nguo, wawili wawili, wakatoka na dagaa wa kitoweo? Huo nao ni uvuvi, ila haujaandikiwa vitabu.

Mwezi wa Juni mwaka jana tulikuwa Dearborn, katika jimbo la Michigan, kwa ndugu yetu. Mji huo viwanda vya magari viliujaza watu wa Lebanoni, Yemeni na Iraki, hata leo mtu aweza kununua nyama, mkate na dawa siku nzima bila ya kusema neno moja la Kiingereza. Huko ndiko aliko somo yetu. Tunamwita somo kwa kuwa jina letu ni moja. Tulipokuwa chuoni Mwalimu akiita, huitika wawili. Aliolewa akaondoka Mombasa, na kwa miaka mingi tumekuwa watu wa simu na salamu za Idi. Tuliposhuka uwanja wa ndege alitupokea kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukabaki ubavuni. Hatukuuliza. Usiku ule, watoto walipolala, alitueleza mwenyewe.

Alilipata donge akioga. Hakuchelewa kwenda hospitali, na hilo ndilo lililomwokoa baada ya Mwenyezi Mungu. Alikatwa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, akatiwa dawa zilizomnyoa nywele na nyusi, kisha akachomwa kwa mionzi siku baada ya siku hadi ngozi ikawa nyeusi kama iliyobabuka jikoni. Yote hayo aliyapita, na mumewe, Mungu amlipe, hakumtupa. Lililobaki kumtesa ni mkono. Kovu lilikuwa limekaza bega, akawa hawezi kufika kichwani kujitanda mtandio wala kuteremsha kikombe cha rafuni. Alipewa mazoezi ya kusimama mbele ya ukuta na kutambaza vidole kuelekea juu, leo hapa, kesho inchi moja zaidi. Akachoka nayo. “Ukuta haukuambii kitu, somo,” alisema.

Ndipo muuguzi mmoja alipomtajia kambi za wanawake. Liko huko shirika liitwalo Casting for Recovery, lililoanzishwa mwaka 1996 katika jimbo la Vermont, ambalo huwakusanya wanawake waliopatwa na saratani ya matiti, wakae siku mbili tatu kando ya maji bila ya kutozwa chochote, wafundishwe uvuvi huu wa mshipi unaoelea. Asili yake ni jambo la kitabibu: mwendo wa kurusha mshipi, polepole na kwa kurudiarudia, unafanana na mazoezi wanayopewa waliopasuliwa ili misuli ya bega na kifua ilegee. Somo yetu alikwenda kambi ya namna hiyo kwa kulazimishwa na bintiye. Alirudi na ufito wa kuazima na kichwa kilichojaa maneno mapya. Mwaka wa pili akanunua ufito wake.

Basi Jumamosi moja alitupakia garini, tukaelekea magharibi kama mwendo wa saa moja, hadi sehemu za Waterloo ambako serikali ya jimbo imehifadhi msitu na maziwa mengi madogo. Yeye alikuwa na leseni yake ya mwaka, nasi tulikatiwa ya siku moja, maana huko hata mtu akitaka kuvua samaki wa kidole sheria humtaka cheti, ila akiwa hajatimiza miaka 17. Tulikodi kidau cha makasia, cha bati jepesi la aluminiamu, tukaingia ziwani baada ya Adhuhuri.

Ziwa lile lilitushangaza kwa uangavu wake. Maziwa ya huko ni makumbusho ya barafu. Zamani, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, nchi yote ile ilikuwa imefunikwa na barafu nene. Ilipokuwa ikirudi nyuma iliacha mapande makubwa yamezikwa katika mchanga na kokoto, na mapande yale yalipoyeyuka yakaacha mashimo, mashimo yakajaa maji. Mengi hulishwa na chemchemi za chini kwa chini, na ndiyo sababu maji yake ni safi. Aliyefika Taveta akaliona ziwa Chala atakuwa ameona uangavu wa jamii hiyo, ijapokuwa lile lilizaliwa na moto. Tuliinama ukingoni mwa kidau tukaona majani ya chini yakiyumba, konokono juu ya jiwe, na kivuli chetu wenyewe kikitembea mchangani. Somo akatuambia tukae. Maji yakiwa wazi hivyo, alisema, samaki naye anakuona, na mtu aliyesimama kidauni kwake ni kama mnara wa msikiti.

Samaki tuliowafuata Wamarekani huwaita samaki wa kikaango, kwa sababu mmoja mzima hulala ndani ya kikaango pasi na kukunjwa mkia. Si jina la aina moja bali la ukoo. Mashuhuri wao ni blugili, ambaye jina lake lina maana ya shavu la buluu, na kweli chini ya taya ana rangi ya wino uliomwagika. Mwingine wamemwita mbegu ya boga, ana doa jekundu nyuma ya shavu na mistari ya samawati usoni, mtu angedhani ametoka katika miamba ya matumbawe ya Kisite. Ni wapana, wembamba kwa ubavu, mfano wa changu, na ukubwa wao wa kawaida ni kiganja cha mtu mzima. Blugili mkubwa kuliko wote walioandikwa katika rekodi alivuliwa Alabama mwaka 1950 na alipita kilo mbili kidogo. Wavuvi wa huko bado wanamtaja kwa sauti ya chini. Kwetu Kenya wana binamu yao. Yule samaki wa kigeni wa Naivasha mwenye kinywa kikubwa, aliyeletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1920, ni wa ukoo huo huo.

Mwezi ule wa Juni walikuwa katika mazalio, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko inavyohitaji kuvua. Katika maji ya kimo cha mtoto, juu ya kokoto, tuliona visahani vingi vya duara vimepangana karibu karibu, vyeupe, vimefagiliwa safi. Kila kisahani kina mwenyewe. Dume hufagia kwa mkia hadi taka yote iondoke, jike huja akataga, kisha huenda zake. Anayebaki kulea ni baba. Hupepea mayai kwa mapezi ili yapate hewa, na kila apitaye humfukuza, hata awe mkubwa wake. Somo aliwaonyesha kwa ncha ya ufito, vifua vyao vya rangi ya machungwa vikiwaka chini ya maji. “Hawa hatuwagusi,” alisema. “Ukimtoa huyu kidogo tu, wenzake wanakuja kula mayai yake kabla hujamtoa ndoana.” Akapiga makasia tukasogea hadi mahali maji yanapoanza kuwa ya kijani.

Kurusha kwenyewe si nguvu. Ufito huinuliwa nyuma hadi ncha ipite bega kidogo, usimamishwe ghafla, kisha mtu angoje. Kungoja huko ndiko kunakowashinda wengi, maana mshipi uko nyuma, humwoni wala humgusi anayeungoja, nawe unatakiwa kuamini kuwa unajikunjua angani mpaka unyooke wote. Hapo ndipo unapouleta mbele na kuusimamisha tena. Anayeharakisha husikia mshipi ukilia kama mjeledi, na chambo kimekwisha kukatika. Somo alipoanza kurusha tulimtazama bega. Mkono ulipanda hadi usawa wa sikio, ukatua, ukapanda. Juu kidogo ya hapo ulikataa, akakunja uso, akashusha. Lakini mshipi ulikuwa umekwenda mbali, umelala juu ya maji pasi na kishindo. Tulimpigia hesabu kimya kimya: mkono uliokuwa haufiki kwenye mtandio sasa ulifika sikioni.

Kizibo kidogo kilianguka, kikafanya duara, na duara zikafanya duara nyingine. Sisi tulitaka aanze kuvuta mara moja.

“Usiguse,” alisema. “Duara zote ziishe kwanza. Anakitazama.”

Ziliisha. Akautikisa mshipi kama mtu anayeondoa inzi, kizibo kikapiga kelele ndogo majini, na papo hapo pakasikika mchumo, sauti kama ya busu la mtoto, kikazama. Ufito ukapinda. Samaki hawa ni wadogo lakini hupambana kwa ubavu, wakizunguka duara, na ufito ni mwembamba kiasi kwamba kila mpigo wa mkia unaufikia mkono wa mshikaji. Alimleta kidauni, akalowesha kiganja kwanza ili asiuharibu ute unaomkinga samaki, akamshika kwa kuanzia kichwani akirudi nyuma, ili miba ya mgongoni ilale. Ndoana zake alikuwa amezibana kwa koleo zisiwe na kijino cha kung'ang'ania, na ile ilitoka kwa kuigeuza tu.

Zamu yetu ilikuwa na vituko vyake. Upepo wa ziwani haukuijua heshima ya mtandio, na kabla ya Alasiri kizibo kilikuwa kimekwisha kuvua nguo yetu mara mbili. Lakini tulipata wawili, wa pili mbegu ya boga mwenye rangi ambazo hadi leo tunazikumbuka.

Kuna jambo ambalo tulitaka kulisema, naye somo alikuwa amelifikiria kabla yetu. Kambini walifundishwa kumrudisha kila samaki, na wavuvi wengi wa mtindo huu huko Marekani huona fahari kutochukua hata mmoja. Nia yao ni kulinda ziwa, na si nia mbaya. Lakini kumtoboa kiumbe mdomo kwa kujifurahisha, ukamtazama na kumwachilia, ukamtoboa mwenzake, roho ya somo ilikataa, na yetu pia. Yeye amejiwekea kanuni: anavua kwa kula, akipata wa kutosha nyumba yake anakunja mshipi, hata kama jua bado liko juu. Sheria ya Michigan inamruhusu mtu samaki 25 wa ukoo huo kwa siku. Yeye huchukua sita. Wadogo na wale walinzi wa viota hurudi majini. Mazoezi ya mkono, kama bado yanahitajika, huyafanya uwanjani nyuma ya nyumba, na kipande cha sufi badala ya ndoana. Wapo watakaoona kuwa huko ni kujibana bure. Sisi tuliona ni adabu.

Tulisali Alasiri ukingoni, juu ya mkeka, uso kuelekea kaskazini mashariki, kwani kutoka Michigan njia fupi ya kwenda Makka hupita huko. Mtu wa Mombasa aliyezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja hugeuzwa kidogo, kama aliyebadilishiwa mlango wa nyumba. Tulipotoa salamu somo hakuinuka. Alikuwa akikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia.

“Mama hajui,” alisema.

Miaka miwili. Mama yake hajui habari ya donge, wala ya kisu, wala ya nywele. Alipokuwa hana nyusi alipiga simu pasi na picha na kusema mtandao mbaya. Alipokosa harusi ya mdogo wake alisema hakupata ruhusa kazini, na Mama akanuna miezi mitatu. Sababu tunaijua, maana nyumba zetu zilikuwa ukuta kwa ukuta. Mama yake mdogo alikufa kwa maradhi hayo hayo, akiwa ameficha donge chini ya kanga hadi lilipopasuka. Tangu siku ile ugonjwa huo hautajwi jina nyumbani mwao. Huitwa “ule”.

“Utakaporudi, nenda ukamwambie,” alisema. “Si kwa simu. Kaa naye, mnywe kahawa, kisha umwambie.”

Tulikataa. Tulimwambia kuwa salamu hubebwa, ukwaju hubebwa, lakini habari ya mwili wa mtu hutaka kinywa cha mwenyewe. Alisema kinywa chake kikifika kwa Mama kitalia, na Mama akisikia kilio cha mbali hatasikia neno “nimepona”. Tulimwambia, basi mpelekee uso. Tulibishana hapo hadi mbu wakaamka, na jua la Juni huko halizami mpaka saa tatu ya usiku imepita. Mwisho tulikubaliana jambo la katikati. Tulirudi kidauni, akasimama safari hii, samaki wapende wasipende, nasi tukamchukua picha ya video kwa simu yetu: anainua ufito, anangoja, anarusha. Hakusema kitu ila mwishoni, alipogeuka na kuuliza kama imetoka vizuri.

Usiku ule tulikaanga wale sita. Aliwapaa magamba, akawachanja, akawatia chumvi, ndimu, kitunguu saumu na bizari, kisha akawapitisha katika unga wa mahindi kama wafanyavyo wenyeji. Nyama yake ni nyeupe, tamu, nyepesi mno kwa mtu aliyelelewa kwa nguru. Watoto wake waligombania mikia.

Mombasa tulifika wiki ya pili ya Julai, na siku ya tatu baada ya Alasiri tulikuwa barazani kwa Mama. Tulimwamkia, akatuuliza habari za mjini kwao mtu mmoja mmoja, kahawa ikaletwa na kashata. Hatukuwa na neno la kuanzia. Tukampa simu.

Aliitazama video mara ya kwanza akiwa ameishika mbali, kama wafanyavyo wenye macho ya umri wake. Akataka irudiwe. Mara ya tatu aliileta karibu, na kidole chake kikawa kinafuata mkono wa mwanawe ukipanda na kushuka kwenye kioo.

“Wamemkata upande wa kulia,” alisema.

Tulinyamaza.

“Ramadhani ya mwaka juzi, mwanangu, alinipigia akaonyesha uso. Mtandio ulimteleza, akaurudisha kwa mkono wa kushoto. Mwanangu huyu nimemlea mimi. Si wa mkono wa kushoto. Nikamtazama, Idi akafanya vile vile. Nikasema nafsini mwangu, huyu ana ule, na hataki nijue. Nikangoja aniambie.” Akapangusa kioo cha simu kwa ncha ya leso. “Saratani,” akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya. “Na hapa unafika wapi, huo mkono?”

Tukamwambia sikioni, na juu yake kidogo.

Michigan ilikuwa saa nne asubuhi. Alituagiza tumpigie, kwa picha, na simu tukaiegemeza kwenye mdila wa kahawa. Uso wa somo ulipotokea Mama hakumwamkia wala hakungoja aamkiwe. Alimwambia, “Jitande mtandio wako vizuri. Kwa mkono wa kulia, nikuone.” Tukachukua vikombe tukaenda navyo uani kuviosha, tukaviosha tena, na vilikuwa vinne tu.

Tuliporudi walikuwa wamekwisha kulia, wote wawili, na mazungumzo yalikuwa ya samaki. Mama hakupendezwa na ule unga wa mahindi. Samaki wa maji yasiyo na chumvi, alikuwa akisema, mwili wake ni mpole, hutaka ukwaju usiku kucha, tena si wa dukani. Somo alijibu kuwa huko wa kweli haupatikani. Wiki ile kulikuwa na kijana wa mtaani aliyekuwa akisafiri kwenda Detroit, na mzigo wake ulizidi uzito kwa ratili mbili.